Mruko Ambao Mpagazi Hakuruka

Rågsved, Stockholm, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Rehema,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako na umeliacha sanduku wazi sebuleni. Kila ninapolipita nikienda jikoni naliona limejaa nusu vilevile. Viatu vyako vya dansi, vile vyenye vyuma, viko juu ya kiti, havimo ndani. Ndivyo ulivyo tangu mdogo: jambo usilotaka kulisema unaliacha mahali ambapo baba atalikuta.

Jua bado liko juu ya jengo la upande wa pili, kama kawaida yake Juni, halina haraka ya kwenda popote. Chini watoto wanacheza mpira na kutaniana kwa Kiswidi chenye Kisomali ndani yake. Sitakuandikia habari za soksi, bima, wala kula mboga. Hayo jirani yetu Mama Furaha ameshakueleza mlangoni, kwa Kiswahili chake cha Bukavu na Kifaransa juu yake, mpaka ukasingizia una mtu kwenye simu. Mimi nataka kukujibu neno moja tu, lile ulilolisema Jumanne.

Tulikuwa kwenye treni tunarudi kutoka hospitali ya Flemingsberg. Daktari alikuwa ametuambia kwamba nyonga yangu imekwisha, itabadilishwa wakati wa vuli, na mpaka hapo nisibebe kitu kizito na ngazi nizipunguze. Mimi niliiona habari njema, kwa sababu maumivu walau yamepata jina. Wewe uliyekuwa unatazama nje ukasema bila kunigeukia, "Jag kan stanna, pappa." Kwamba unaweza kubaki. Ukaongeza kwamba watu wa ukumbi wa Hamburg waliokupa kazi ya dansi ni waungwana, ukiwaomba watakushikia nafasi mpaka mwakani. Nikasema tutazungumza. Ukasema utaamua asubuhi ya safari. Tangu siku ile hatujazungumza. Tumekuwa tukipikiana chai.

Basi nazungumza sasa, wakati hupo na huwezi kunijibu kwa Kiswidi.

Habari ya Mpagazi unaijua, lakini unaijua vipandevipande, kama ilivyotufikia sisi wenyewe. Acha niipange.

Tabora ya utoto wangu ilikuwa na jumba la sinema tulilolipenda, lenye mabenchi ya mbao mbele kwa ajili yetu na viti vya kitambaa nyuma kwa wenye uwezo. Filamu zilikuja kwa treni zikiwa zimechoka. Zilikuwa zimeonyeshwa katika kila mji wa reli kabla yetu, na zilipotufikia zilikuwa na mikwaruzo kama mvua. Aliyezionyesha alikuwa Bwana Salum, mtu mnene aliyefanya kazi na fulana tu kwa sababu ya joto la mashine. Filamu ikikatika, alikata ncha zilizochanika, akaziunga kwa gundi, na kipande kilichoharibika kikabaki sakafuni. Sisi huku chini tulipiga miluzi. "Salum, rudisha mnofu!" watu walimpigia kelele, kana kwamba yeye ni mwenye bucha aliyewapunja. Naye alitoa kichwa kwenye tundu lake akajibu kwamba mnofu ameshaula, imebaki supu, anayetaka anywe.

Filamu yetu ilikuwa moja ya zile za Marekani za kuimba na kudansi, za rangi nyeusi na nyeupe. Bwana na bibi wanapendana, wanagombana, wanaimba, wanapatana. Mahali fulani katikati wako stesheni wakisubiri treni, na hapo anatokea mpagazi mweusi mwenye kofia ya sare na sanduku mkononi. Analiweka sanduku chini, na viatu vyake vinaanza kusema. Sijapata neno bora zaidi ya hilo. Alikuwa kama mtu anayepiga taipu kwa miguu, huku kuanzia kiunoni kwenda juu ametulia kabisa, kana kwamba habari za miguu hajaambiwa. Treni inafika, bwana na bibi wanapanda, mpagazi anavua kofia, basi. Haonekani tena.

Sisi wa Tabora, ambao babu zetu walibeba mizigo ya kila mtu kutoka bara mpaka pwani, tulimchukua kuwa ndugu yetu. Hatukujua jina lake. Halikuwa kwenye maandishi ya mwanzo wala ya mwisho. Tulimwita Mpagazi. Tulikaa mpaka taa zikawashwa, tukingoja arudi, na kila filamu ilipoonyeshwa tena tulimngoja tena.

Sasa, katikati ya dansi yake palikuwa na mahali ambapo filamu ilikuwa imekatwa. Mpagazi yuko chini, analinyanyua sanduku, na papo hapo yuko juu ya rundo la mizigo upande wa pili, ameshageuka, anatucheka. Hatukujua kwamba hapo pana pengo. Tuliamini ameruka. Nilimwomba baba yangu, aliyekuwa fundi kwenye karakana ya reli, anikatie vibati vya chuma, nikavipigilia kwenye viatu vyangu vya shule, nikaanza kuruka. Nilivunja jino, nilichubuka magoti, nilichapwa kwa ajili ya viatu. Mwishowe nikaweza: kutoka chini, sanduku mkononi, nikageuka hewani na kutua juu ya makreti, miguu yote miwili pamoja, chuma kikalia mara moja. Mara moja tu. Hapo ndipo penye ugumu, kama unavyojua. Miguu ni miwili na sauti inatakiwa iwe moja.

Nilikuja Sweden kusomea ualimu wa ufundi ili nirudi nikafundishe kwenye karakana ileile. Kwenye sherehe moja ya wanafunzi niliruka, kwa kuchekesha tu, na mtu akanipeleka kwa Birgitta, mama aliyesimamia maonyesho kwenye meli ya kwenda Finland. Alikuwa anatayarisha jioni za dansi za sinema za zamani. Akanipa sare nyekundu yenye vifungo vya dhahabu na sanduku tupu. Nilidhani ni kazi ya kiangazi kimoja. Nilishuka kwenye meli ile nikiwa na mvi.

Wageni walipanda jioni, wakala, wakanywa, wakalala, wakaiona bandari ya ng'ambo kupitia dirisha la mahali pa kifungua kinywa, wakarudi. Wewe ulipokuwa mdogo uliniuliza meli inakwenda wapi, nikakuambia inakwenda kurudi. Kabini yangu ilikuwa chini ya sitaha ya magari, haina dirisha. Asubuhi nilijua tumerudi Stockholm kwa sababu malori yaliwashwa juu ya kichwa changu.

Majira ya baridi ya kwanza bado nilikuwa naruka. Kisha Birgitta akapata kanda ya video yenye filamu ile nzima, ambayo haikupita mikononi mwa Salum, akaniita ofisini kwake akijua nitafurahi. Nikatazama. Mpagazi analinyanyua sanduku, anatembea taratibu mpaka kwenye mkokoteni wa mizigo, anapanda vidaraja vyake akigonga kidogo kila kimoja, kwa adabu, anafika juu, anageuka. Hakuruka. Hakuwahi kuruka hata siku moja.

Birgitta alicheka, nami nikacheka. Akasema, "Kumbe ni rahisi hivyo. Fanya kama yeye."

Hakuwa mtu mbaya, Rehema. Alisema wageni wazee wanaikumbuka filamu, wanataka kuiona kama ilivyokuwa, na tena nikianguka nani atacheza kesho yake. Yote yalikuwa kweli. Na mimi nikamwomba msamaha. Hilo ndilo ninalolirudia siku hizi nikikaa kwenye kiti hiki: sikufukuzwa, sikukatazwa kwa ukali, niliomba mwenyewe msamaha kwa kitu pekee kilichokuwa changu, kana kwamba nilikuwa nimeiba. Kuanzia jioni ile nikawa napanda vidaraja.

Baadaye, kwenye maktaba za mji huu, nilisoma jinsi wachezaji wale walivyofanya kazi. Mara nyingi sauti ya viatu haikuchukuliwa siku ya kupiga picha. Mchezaji aliitwa siku nyingine kwenye chumba kilichofungwa, akasimama juu ya ubao, akaonyeshwa picha yake mwenyewe, na akatakiwa agonge palepale ambapo miguu ya kwenye picha iligonga. Hata kama leo amepata wazo zuri zaidi, hana pa kulitia. Picha imeshapita. Anaifuata miguu yake ya juzi mpaka mwisho wa wimbo, na akiifuata sawasawa wanamsifu.

Nilisoma pia kwamba vipande vya watu kama Mpagazi vilitungwa makusudi visimame peke yake. Kulikuwa na miji huko Marekani ambako watazamaji wazungu hawakutaka kumwona mweusi aking'ara kwenye kitambaa cha sinema. Huko mwenye sinema alikitoa kipande chote, na hadithi haikuyumba. Ndiyo maana Mpagazi hakusema neno na bwana wala bibi. Ndiyo maana hakurudi. Tulikaa kwenye yale mabenchi tukimngoja mtu ambaye hadithi ilikuwa imejengwa isimhitaji.

Nilirudisha kitabu nikaenda kazini. Wiki hiyohiyo mchezo wa bingo wa wageni ulichelewa kwisha, na Birgitta akanitazama akatikisa kichwa: leo kipande changu hakipo. Haikuwa mara ya kwanza, lakini ndiyo mara ya kwanza nilielewa ninachokiona. Waimbaji wakaunga pale walipoachia. Nilisimama nyuma ya pazia na sare yangu na sanduku langu tupu, nikasikia watu wakipiga makofi, hawajakosa kitu.

Utauliza kwa nini sikushuka. Uliniuliza kweli, ukiwa na miaka kumi na kitu na hasira ya umri huo, nami nikakujibu habari ya kodi ya nyumba. Kodi ilikuwepo, lakini jibu halikuwa hilo. Nafasi niliipata. Mwanamke mmoja aliyeitwa Solveig, mwenye kikundi kidogo cha dansi Malmö, alikuwa ameuona ule mruko baridi ile ya kwanza na hakuusahau. Alinipigia simu. Alisema njoo na mruko wako, tutatunga kitu kuuzunguka. Sikulala kwa furaha. Asubuhi nikaenda kwa Birgitta kumwomba jambo moja dogo: anishikie kabini yangu, mambo ya Malmö yakienda kombo nirudi.

Akanijibu kwa upole kabisa, "Idi, siwezi kumshikia mtu kabini. Ni yako mradi umo ndani yake."

Nikabaki ndani yake. Mama yako, Mungu amrehemu, wakati huo alikuwa anasafisha kule uwanja wa ndege, anapanda treni mpaka Märsta alfajiri na kurudi akiwa hoi. Nilipomweleza kwamba nimemkatalia Solveig, hakunigombeza. Alivua viatu, akakaa, akasema, "Umeoa meli. Sasa mimi nani, mke mdogo?" Tukacheka wote wawili. Miaka mingi tulilicheka neno hilo, mpaka ikafika siku nikagundua kwamba mwenzangu ameshaacha kulicheka.

Kisha ukazaliwa wewe, tukiwa tumeshakata tamaa ya kuzaa. Ulipoanza kugonga miguu jikoni, jirani wa chini aligonga bomba. Ndipo mama yako akasema, kule kwenye mashine za kufulia chini ya jengo kuna zege, na zenyewe zinapiga kelele, nani atasikia? Tukaanza kushika zamu ya chumba cha kufulia, hiyo tvättstuga, hata wiki ambazo hatukuwa na nguo chafu. Unakumbuka bibi wa ghorofa ya pili alivyotazama jina letu kwenye ubao wa zamu na kumuuliza mama yako kama kuna ugonjwa nyumbani? Familia ya watu watatu inawezaje kuchafuka namna hiyo? Mama yako alimwambia kwamba mume wake anafanya kazi chafu sana kwenye meli.

Pale chini nilikufundisha yote niliyoyajua, na nilipofika kwenye kipande cha Mpagazi nilikufundisha kupanda vidaraja. Nilikuwekea kindoo, halafu kiti, halafu ile meza ya kukunjia nguo. Ulipanda kwa adabu mara kadhaa. Kisha ukaniuliza kwa nini ananyanyua sanduku kama anataka kuruka, halafu haruki. Mimi sikuwa nimekuambia kitu. Nikakuambia habari ya Salum na gundi yake. Ukaniomba nikuonyeshe. Nikasema mimi mzee. Mama yako, aliyekuwa amekaa juu ya kapu la nguo, akasema, "Muonyeshe mtoto, Idi, acha maringo." Nikaruka. Nilitua vibaya, chuma kikalia mara mbili, na nadhani nyonga hii inakumbuka siku ile vizuri kuliko mimi. Lakini tangu hapo hukupanda vidaraja tena.

Ulipokwenda Hamburg kujaribiwa ulinipigia simu ukiwa koridoni, unahema. Ulisema wamekupa sehemu ya mhudumu wa lifti ya hoteli katika onyesho lao la dansi za sinema za kale. "Baba, sare ni ileile. Nyekundu, vifungo na yote." Ukacheka, mimi sikucheka. Ukasema kwamba mtunga dansi aliuona mruko, akauliza umeutoa wapi, nawe ukamwambia umetoka Tabora, kwenye filamu iliyokatika. Akasema uje nao, atatafuta pa kuuweka.

Jumanne kwenye treni ulidhani nimeyaahirisha mazungumzo kwa sababu ya nyonga, au kwa sababu ya sare. Sare siiogopi. Mpagazi alivaa sare, hakupewa jina, alikatwa huku na huku, na bado alitufikia. Ninachokiogopa ni kabini. Unaniambia Hamburg watakushikia nafasi, na chumba chako hapa kitakungoja, na mimi nitakushikia sababu ya kubaki. Kila kitu kimeshikwa. Naijua ladha yake, ni tamu. Kisha unaamka na malori yanawashwa.

Na hawatakushikia, mama. Unajua hivyo. Hakuna ukumbi unaomngoja mhudumu wa lifti.

Kwa hiyo nimefanya jambo, na ni afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa Mama Furaha, ambaye hawezi kufunga mdomo zaidi ya kesho mchana. Nimebadilishana nyumba. Kuna vijana wenye mtoto mchanga wanaokaa chumba kimoja, chini kabisa, kwenye jengo lililo mbele ya duka. Wao wanataka vyumba viwili, mimi sitaki ngazi. Mwenye nyumba amekubali, nimeshatia sahihi. Mwezi ukianza nahamia kule na wao wanaingia hapa. Kitanda cha yule mtoto kitakaa palipo chako.

Nilipomwambia Mama Furaha, alinitazama sana. "Papa Idi, unafukuza mtoto?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Bon. Basi miye nitakuletea sombe ya majani ya muhogo kila Jumapili, na utakula bila kulalamika chumvi."

Usije ukadhani ninafanya ushujaa. Mimi sitoki tena. Nyonga mpya itanifikisha dukani na kwenye kituo cha treni, na kile chumba, nilipokwenda kukitazama, kilinikumbusha kabini kuliko nilivyopenda, ingawa kina dirisha. Watu watapita karibu kiasi cha kuwasikia wakitafuna. Najua jioni ya kwanza nitatoa vikombe viwili. Nitakirudisha kimoja kabatini na nitakunywa chai yangu. Hilo ni langu na nimelichagua, na huruhusiwi kulitumia kama sababu. Kochi nalichukua. Ni la mgeni, na mgeni ana siku yake ya kuja na siku yake ya kuondoka.

Kuhusu sare, sina ushauri. Ukiambiwa siku moja kwamba filamu yenyewe haikuwa na mruko, utawajibu nini ni juu yako. Mimi nakuomba tu usiombe msamaha.

Treni yako ni kesho jioni. Wapagazi hawapo siku hizi pale stesheni kuu, na mimi nimekatazwa kubeba, kwa hiyo lifungashe sanduku kiasi cha kuliweza mwenyewe. Barua hii nitaiacha ndani ya kiatu chako cha kushoto, ili ulazimike kukishika. Nimeshika zamu ya kufulia kesho asubuhi, saa nne. Nguo zote ni safi, usibebe hata moja. Njoo na viatu. Nitawasha mashine tupu kwa ajili ya majirani, na nitakaa kwenye kiti kando yake. Meza ya kukunjia nguo nitaiacha wazi. Nitafumba macho, nisikie chuma kikilia mara moja.

Kisha upande juu ufunge sanduku.

Baba yako,
Idi